Habari ya Kitabu cha Wapiga Kelele



Mwezi uliopita msomaji mmoja aliuliza katika kurasa hizi: Je, yafaa mwalimu ampe mtoto zawadi kwa kuwa ametulia darasani, au kutulia ni wajibu wake, wala hapaswi kulipwa? Swali hili ni zuri, nasi tuna neno la kulijibu. Walakini jibu letu si la kujisifu, maana limetoka katika kosa tulilolifanya wenyewe, tena kosa lililomtia mtoto wa watu katika maumivu. Twaliandika kwa aibu. Lakini ni afadhali kuliandika kuliko kulificha, kwa sababu twajua ya kuwa kitabu kama hicho tutakachosimulia habari zake kimo katika madarasa mengi hata leo.

Kwa wale wasiotufahamu, Kasanda yetu imo katika nchi ya Buha, juu vilimani, ambako asubuhi za mwezi wa Juni na Julai watoto huja shuleni wamekunja mikono kwapani kwa baridi. Zamani tulihesabiwa katika wilaya ya Kibondo, na tangu mwaka 2012 tumo katika wilaya ya Kakonko. Sisi ni katekista. Tulilelewa katika shule ya misheni, na kazi yetu ni mafundisho ya dini. Lakini serikali ilipoondoa ada za shule, kwa waraka wa mwaka 2015 ulioanza kutumika Januari 2016, watoto walimiminika kama maji ya masika, na walimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Kipimo kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Sisi tulipoombwa na wazee wa kijiji kuja kusaidia kwa kujitolea, tulipewa darasa la nne, na watoto wake walipita mia. Waliketi watano katika dawati la watatu, na wengine sakafuni. Shule yenyewe hatuitaji jina, maana kosa lilikuwa letu.

Mtu aliyesimama mbele ya watoto mia hawezi kuandika ubaoni na kutazama nyuma yake kwa wakati mmoja. Basi tukafanya kama walivyofanya waliotutangulia. Tulimteua kiranja, kijana safi mwenye mwandiko mzuri, tukamkabidhi daftari na penseli, tukamwambia: Yeyote atakayepiga kelele tukiwa tumekupa mgongo, au tukiwa nje, andika jina lake. Jioni tulilisoma daftari lile kwa sauti, na kila aliyetajwa alikuja mbele akanyosha mkono, akapata viboko viwili. Kelele zilipungua siku ile ile. Tulijiona kuwa mwalimu hodari.

Hapa yatupasa tuseme habari ya sheria, kwa kuwa wengi wetu huishika fimbo bila kuijua. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 na kurekebishwa mwaka 2002, zilisema hivi: viboko visizidi vinne; vitolewe kwa kosa zito tu; apige mwalimu mkuu mwenyewe, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi; msichana apigwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike; na kila adhabu iandikwe kitabuni. Sisi hatukuwa na ruhusa ya maandishi. Tena kunong'ona katika somo la hesabu si kosa zito kwa kipimo chochote. Jirani zetu wa Kenya waliiondoa fimbo shuleni kabisa mwaka 2001.

Mwezi wa Agosti mwaka 2018 tulisikia katika redio habari ya Bukoba, ya mtoto wa darasa la tano aliyekufa baada ya kupigwa na mwalimu. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimtia mwalimu yule hatiani kwa kuua. Nyumbani kwetu siku ile tulizima redio, tukakaa kimya. Kisha tukajiambia neno ambalo kila mwalimu hujiambia: Huyo ni mwingine, sisi hupiga viwili tu, tena mkononi.

Basi, katika daftari lile lilikuwamo jina moja lisilokosekana. Lilikuwa la kijana mdogo mwembamba, aliyekaa na bibi yake upande wa bondeni. Jina lake lilikuwa la kwanza kila siku. Tulimwona kuwa mtukutu asiyesikia, na juma la tatu tukamwongezea kiboko cha tatu. Hakulia. Alikuwa akirudi mahali pake akiuficha mkono ndani ya shati.

Mwisho wa mwezi wa Septemba mvua za kwanza zilianza. Siku moja tulikuwa twatoka shuleni kwenda kwa mgonjwa, mvua ikatukamata, tukarudi tukasimama chini ya dari, nje ya dirisha la darasa letu. Watoto hawakutuona. Tukasikia sauti ya kiranja ikisema taratibu kama mtu aliye sokoni: "Hizi ni chache. Jana ulileta kiganja kizima." Akajibu mwingine: "Nyumbani zimekwisha, nitaongeza kesho." "Basi kesho uwe na mbili, la sivyo naandika."

Zilikuwa karanga.

Tulipoingia na kuuliza, habari yote ilitoka. Kulikuwa na bei. Aliyeleta kiganja cha karanga, au hindi la kuchoma, au kipande cha muwa, jina lake halikuandikwa hata akipiga mayowe. Asiyekuwa na kitu aliandikwa, hata akiwa kimya kama jiwe, maana daftari tupu lingalitutia mashaka, na kiranja alijua hivyo. Lilitakiwa jina la kutushibisha sisi. Tukafungua daftari tukalitazama upya. Jina la kijana yule lilikuwa limeandikwa juu ya kila ukurasa kwa mwandiko ule ule uliotulia, bila haraka, kama tarehe. Lilikuwa likiandikwa asubuhi kabla ya somo la kwanza. Majuma matatu tulikuwa tumelisoma kila jioni, wala hatukuona.

Hasira ilitupanda, tukamwita kiranja mbele. Fimbo ilikuwa mkononi mwetu tayari. Ndipo alipotuambia, akilia, "Mwalimu, darasa la tatu mimi nilikuwa natoa muhogo." Kiranja aliyemtangulia alimtoza yeye, na huyo naye ametozwa na mwingine. Tuliiweka fimbo mezani, tukaketi. Hatukuwa na la kusema, na mbele ya watoto mia jambo hilo ni gumu.

Jioni tulikwenda bondeni. Kijana alikuwa hajafika shuleni siku tatu, nasi tulikuwa hatujauliza sababu. Tulimkuta bibi yake akichambua maharage uani. Tulipiga makofi polepole kumwamkia, kama ilivyo desturi ya Waha mbele ya mkubwa, naye akatuitikia na kutupa kigoda. Tulimweleza yote. Alisikiliza hata mwisho, mikono yake ikiendelea na kazi, kisha akasema: "Mwalimu, mtoto huyu aliniomba karanga kila asubuhi. Nikamwambia, karanga zilizobaki ni za mbegu. Sikujua kwamba anatakiwa kodi."

Tukamwomba radhi. Akatikisa kichwa. "Mimi hamkunipiga, Mwalimu. Mwambieni mwenye mkono."

Mwenye mkono alikuwa nyuma ya nyumba, wala hakutaka kutoka. Tulisema maneno yetu tukiwa tumesimama penye ukuta, bila kumwona, na hatujui aliyasikia kwa kiasi gani. Tulirudi nyumbani usiku.

Sasa twakaribia swali la msomaji wetu. Siku zilizofuata tulisema: Kama adhabu imetuharibikia, tutakwenda kwa njia ya zawadi. Tulinunua kalamu kwa fedha zetu kidogo, tukaandika orodha nyingine, ya waliotulia, na kila Ijumaa watano wakapewa kalamu. Nani aliitunza orodha ile? Twaona haya kusema. Kiranja, mwingine, msichana mpole, lakini kiranja. Hata juma la pili halijaisha, bei ilikuwa imerudi, tena imepanda. Maana mwanzoni mtoto alilipa ili asipigwe, na sasa alilipa ili apate kalamu, na kalamu ina thamani kuliko karanga. Mmoja aliyepata mara mbili kwa haki kabisa alifinywa njiani na wenzake hata akaanza kuificha kalamu yake na kuandika kwa penseli.

Ndipo tulipotambua ya kuwa ubaya haukuwa katika fimbo peke yake, ijapokuwa fimbo ina ubaya wake, wala haukuwa katika moyo wa mtoto mmoja. Sisi tulikuwa tumeyaajiri macho ya mtoto yawe macho yetu, na mtu akipewa macho ya mkubwa bila kuangaliwa, atayauza. Tena sisi tulipaswa kulijua hilo mapema. Katika shule ya misheni tuliyosoma kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Aliyesikiwa akisema Kiha, au hata Kiswahili, mahali pa Kiingereza, alivikwa shingoni, naye hakuweza kukivua mpaka amnase mwingine. Aliyekuwa nacho jioni ndiye aliyeadhibiwa. Kiingereza tulikipata kidogo, lakini tulijifunza kuviziana vizuri sana. Tulikuwa tukimkanyaga mwenzetu mguu makusudi ili alie kwa lugha ya mama yake. Tumeyakumbuka hayo miaka yote kama mzaha wa utoto, wala hatukuyaona yalipokuwa yakifanyika upya mbele yetu, kwa amri yetu.

Basi tulianza tena, polepole. Daftari tulilichukua. Tukawauliza watoto wenyewe: Mwataka darasa letu liwe na amri gani? Lo! Watoto ni wakali kuliko wafalme. Waliochelewa wapigwe kumi, waongo wafukuzwe, wapiga kelele wapige magoti juu ya changarawe. Tulicheka, kisha tukahuzunika, kwa kuwa hawakuyatunga mambo hayo kichwani mwao. Mwisho tulikubaliana juu ya amri nne tu, ili hata mtoto asiyejua kusoma aweze kuzihesabu kwa vidole akabaki na kimoja. Tena kila amri ilisema jambo la kufanya, si la kuacha: mmoja akisema, wengine husikiliza; anayetaka kusema huinua mkono; kitu cha mwenzako huombwa kabla hakijaguswa; kengele ya pili ikilia kila mtu awe mahali pake, na mwalimu pia. Maneno yale matatu ya mwisho, na mwalimu pia, yaliongezwa na msichana mmoja wa sakafuni. Hatukuweza kuyakataa.

Nayo yalitunasa upesi. Siku ya nne tulitoka mazikoni tukachelewa, na tulipofika mlangoni kulikuwa kimya, macho mia yakitungoja. Kwa mapatano yetu aliyechelewa alifuta ubao siku nzima. Tulifuta ubao siku nzima, vumbi la chaki likatujaa ndevuni, nao walicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Hatusemi ya kwamba tangu siku ile kelele zilikwisha. Zilikuwapo. Ila zilikuwa za namna nyingine, kelele za watu wasioogopana.

Zawadi za vitu tuliziacha. Badala yake tulijizoeza kusema tendo lenyewe, kwa jina la mtoto, tulilolishuhudia kwa macho yetu wenyewe: fulani amemngoja mwenzake amalize, fulani ameokota kifutio akauliza ni cha nani. Kisha darasa humpigia makofi. Watu wa mbali waweza kudhani makofi ni jambo dogo, lakini huku kwetu makofi ni heshima ya kumwamkia mkubwa, na mtoto aliyepigiwa makofi na wenzake mia hurudi kwao amenyoka mgongo. Tena tuliweka kopo tupu la maziwa mezani. Darasa likifanya vema kwa somo zima, kokoto moja hutumbukizwa. Kopo likijaa, kipindi cha mwisho hutoka sote nje kwa mpira na kuruka kamba. Mwanzoni tulikuwa tukitoa kokoto walipoharibu. Tuliacha, kwa sababu siku tulipotoa mbili kwa ajili ya watoto watatu, wale watatu walipigwa kisimani. Kokoto iliyokwisha kuingia sasa haitoki, maana ilipatikana kwa haki.

Wazee wengine walitujia kulalamika. Kuna baba aliyemleta mtoto na fimbo pamoja, akasema, "Mwalimu, mpige tu, mifupa ni yangu na nyama ni yako." Wengine walitukumbusha Mithali za Sulemani. Tuliwajibu kwa upole kwamba Sulemani aliandika habari za baba na mwanawe, anayemjua tangu kuzaliwa. Hatusomi mahali popote kwamba alikuwa na watoto mia mbele yake, na majina yao yameletwa na mwuza karanga.

Wala mtu asidhani tumepata dawa ya kila darasa. Upande wa Kasulu, katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo na baadaye kupokea Warundi wengi, Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji ilifanya jaribio kubwa mwaka 2019. Shule 27 zilipigiwa kura zikagawanywa mafungu mawili. Walimu wa fungu moja walikutana kwa majuma kumi, wakajifunza kuzuia hasira, kuwaelewa watoto, na kulitunza darasa kwa sifa na taratibu badala ya fimbo. Kisha wataalamu kutoka London waliwauliza wanafunzi wa mafungu yote mawili kama wamepigwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: hawakuona dalili ya kuwa kupigwa kumepungua. Tulipoyasikia kwa mara ya kwanza tulivunjika moyo. Lakini twaona kwamba mwalimu aweza kujifunza neno jema Jumamosi, na Jumatatu akarudi mbele ya watoto mia, peke yake, na njaa yake na yao, na wazee wakimtaka apige. Watu waliosema ukweli huu bila kuuficha wametusaidia kuliko wanaotuletea vitabu vya kutuambia kwamba yote ni mepesi. Sisi tulikuwa na bahati ya aibu. Tusingalisimama dirishani siku ile ya mvua, labda tungalikuwa twapiga hata leo.

Kwa msomaji aliyeuliza, basi, hili ndilo tunaloweza kumjibu kwa yale tuliyoyaona: kitu tusimpe, ila asikose kuonwa, na aonwe na mwalimu mwenyewe. Kama mwalimu hakuliona tendo, na anyamaze, asisifu wala asiadhibu.

Kiranja yule wa kwanza hatukumpiga. Karanga zilikuwa zimeliwa, hazirudishiki. Mwezi wa Desemba, shule ilipofungwa, tulikwenda sisi na yeye kupalilia shamba la yule bibi siku mbili, tukiwa na majembe yetu. Bibi alitupa uji, akatusahihisha mara nyingi, maana tulikuwa twakata na mimea.

Na kijana mwembamba alirudi shuleni katikati ya Oktoba. Alichagua kuketi karibu na mlango. Kila tulipoinua mkono kuandika juu ya ubao, yeye aliuondoa mkono wake juu ya dawati akauficha chini, kisha akaurudisha pole pole. Hakujua kama anafanya hivyo. Tulijizoeza kuandika chini ya ubao, penye nafasi ndogo, tukiwa tumeinama, na wengine walilalamika kwamba hawaoni. Alipoingia darasa la tano alikuwa bado anauficha. Siku aliyouacha mkono mezani kwa mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa Machi, tulipokuwa tukiwasomea kipindi cha dini, nasi hatukusema neno wala hatukuwaambia wenzake wapige makofi.

Mhariri akitupa nafasi, mwezi ujao tutaandika habari za watoto wanaochelewa kwa sababu ya kuteka maji, na kengele ya pili inawakuta njiani. Jambo hilo hatujaliweza, nasi twaomba walimu wa Kibondo na Kasulu watuandikie wanavyolifanya kwao.